Salamu Baada ya Vifo

Nilipofika Kasongo, Asumani alikuwa ameshazikwa. Nilikuta mikeka imetandikwa uwanjani, wanaume upande wa barabara, wanawake karibu na jiko, na kwenye dirisha la sebule redio yake kubwa imefunikwa kitambaa cheupe. Kwetu matanga yakiingia nyumbani, redio inanyamaza. Hata jirani mwenye adabu hupunguza sauti ya yake. Nilikaa nikiitazama redio ile kuliko nilivyowatazama watu. Binti yake, aliyenipigia simu Kindu kunipa habari, alikuja mara mbili kuniuliza kama nahitaji kitu, nikamwambia sihitaji. Ukweli ni kwamba nilitamani mtu mmoja tu katika uwanja ule aniulize nilimjuaje baba yake. Hakuna aliyeuliza. Watu wa matanga wana shughuli zao: nani atachota maji, mchele umefika wapi, wajomba wamekwama mto gani. Basi nimeamua kuuandika hapa mwaka ule niliofanya kazi naye, kwa kuwa waliokuwepo wamebaki wachache na mimi si mtu wa kusimulia bila kuulizwa.

Mambo ya ukoo wangu nayaruka. Yanafanana na ya kila mtu wa Wamaza, kwetu huko Kabambare: mashamba na ugomvi wa mashamba. Inatosha kusema kwamba nilikuwa nimemaliza shule, nina diploma yangu ndani ya mfuko wa plastiki, na kazi niliyoipata ilikuwa ya daktilo, yaani mpiga chapa, katika redio ndogo ya Kasongo. Niliandika komunike. Mnara wa simu ulikuwa bado haujafika, kwa hiyo mtu aliyetaka kuwajulisha ndugu zake wa Nyangwe au Kabambare kwamba fulani amefariki, au mtoto amezaliwa, au mzigo wa sabuni umechelewa, alikuja kwetu na kuyasema maneno yake. Mimi niliyaandika, na jioni mtangazaji aliyasoma hewani. Vifo vilisomwa kwanza, salamu baadaye. Ndivyo ilivyo mpaka leo.

Pale kazini hakuna aliyeniita kwa jina. Nilikuwa Daktilo. Daktilo, karatasi iko wapi. Daktilo, umesahau kifo cha Nyangwe. Mtangazaji wetu, Musiyo Placide, mtu wa sauti nzuri na viatu vilivyong'aa hata wakati wa tope, alisoma kazi ya mikono yangu kila jioni na sidhani kama aliwahi kujiuliza mikono ile ni ya nani. Nilipanga chumba nyuma ya nyumba ya Mama Zaina, mjane wa Kiislamu aliyeuza mikate asubuhi. Kuta zilikuwa za udongo zilizopakwa chokaa, kitanda cha mianzi, na msumari mmoja wa kutundika gauni. Kitu kilichonishinda kabisa ni kula peke yangu. Nilikuwa sijawahi kula kutoka sahani isiyokuwa na mkono wa mtu mwingine. Nilipika bugali na sombe, majani ya mihogo, kwa kipimo cha nyumbani, kwa sababu sikujua kipimo kingine, nikala kidogo, na kesho yake nikala tena yaleyale yakiwa yamepoa. Siku moja nilimsikia Mama Zaina, ng'ambo ya ukuta, akimwambia jirani yake kwamba mpangaji wake ni mpole mno, pengine ana ugonjwa anaoficha. Jirani akajibu kwamba watu wa Wamaza ndivyo walivyo. Nilicheka nikiwa nimelala kitandani, kisha nikalia, na kilio kilikuwa kirefu kuliko kicheko.

Nilikuwa na upendeleo mmoja. Mkurugenzi aliniruhusu kuweka salamu yangu mwenyewe mwishoni mwa komunike, mara moja moja, bila malipo. Mama alikuwa na redio ndogo ya betri ambayo ilishika Kasongo ikiwa jikoni tu, waya wake ukichomekwa kwenye nyasi za paa. Kwa hiyo mimi niliweza kusema na mama, lakini mama hakuweza kusema nami. Nilimwambia nimepata chumba. Nilimwambia mvua zimeanza. Nilimwambia asimuuze yule mbuzi mweusi, nitakuja na fedha ya chumvi mwenyewe. Nilimwambia nimekula samaki wa Nyangwe nikakumbuka jiko lake. Niliyatupa maneno hayo mbali, na hakikurudi kitu. Waliotoka kule walisema mama yuko salama, lakini nilipowauliza kama anasikia salamu zangu, walisema hawajui, hawakuuliza. Mwaka ule wote swali langu lilikuwa hilo tu: je, ananisikia?

Asumani ndiye aliyekuwa fundi wetu. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka michache, mwembamba, kofia ya ibada kichwani na bisibisi mfukoni. Alikuwa amesoma informatiki Kisangani, akarudi kabla ya kumaliza, na hakupenda kuulizwa sababu. Chumba chake kilikuwa nyuma ya studio, kina joto na harufu ya mazuti ya jenereta, na mezani palikuwa na kompyuta ya zamani, nzito kama gunia la chumvi. Humo alikuwa anaunda programu ya komunike kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, na humo ndimo nilimoandika matangazo yangu. Jenereta ilipozimwa hakuacha kazi. Alichukua chaki na kuendelea sakafuni, kwenye saruji. Kisangani, alisema, wanafunzi wengi walijifunza C bila kuigusa mashine. Waliandika kwenye karatasi na kuipima programu kwa kidole, mstari kwa mstari. Aliniona nimesimama mlangoni, sina haraka ya kurudi kwa bugali langu lililopoa, akanipa kipande cha chaki. Nafikiri naye alikuwa mpweke. Mjini kote hapakuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye mambo yale.

Alichora visanduku sakafuni, kimoja baada ya kingine, na katika kila kisanduku herufi moja ya jina langu: F, E, Z, A. Baada ya A akachora kisanduku kingine na ndani yake akaweka sifuri. Sifuri ile ndiyo inayoiambia mashine kwamba maneno yameisha. Ukiisahau, mashine inaendelea kusoma hata vitu vya jirani. Kisha akaenda kwenye kona, mbali na visanduku, akaandika namba moja tu. Akasema kwamba programu, inapotaja maneno, haibebi herufi zenyewe. Inabeba namba hii, anwani ya kisanduku cha kwanza. Nilikuwa mbishi tangu utoto, nikamwambia kwamba huo ni uvivu. Alikubali kwamba ni uvivu, akasema ndiyo maana mashine ina mbio.

Nilijifunza kwa namna hiyo, jioni baada ya matangazo, magoti yangu yakiwa meupe kwa chaki. Mama Zaina aliona magoti yale akaniuliza kama nimeanza kuswali. Nilimwambia najifunza kusema na kompyuta. Alinitazama kwa huruma na kunipa mkate wa jana.

Sasa nieleze kosa lilivyotokea, maana bila hilo habari yenyewe haieleweki. Komunike ya kifo husomwa jioni tatu mfululizo, kwa kuwa si kila nyumba ina betri kila siku. Kazi ya kuandika upya vifo vya jana na juzi ilikuwa yangu, na vidole viliniuma. Asumani aliniona nikivikanda mikono. Kwa wema wake mwenyewe, bila kuombwa, aliongeza sehemu mpya katika programu: ya marudio. Kifo kilichosomwa leo kingejihamisha chenyewe kwenye ukurasa wa marudio, na nafasi yake ya kwanza ingebaki wazi kwa tangazo jipya la kesho. Nilifurahi sana, nikamwambia mke atakayempata atakuwa na bahati, naye akaangalia bisibisi yake.

Siku ya kwanza ya kuitumia, kulikuwa na kifo cha mwanamke mmoja aliyefia hospitalini Kasongo, na ndugu zake wako Kabambare. Kikasomwa vizuri. Siku ya pili programu ikakihamisha kwenye marudio, na mimi, katika nafasi iliyobaki wazi, nikaandika salamu yangu kwa mama. Mafuta ya jenereta yalikuwa yanakaribia kuisha. Karatasi ilitoka kwenye mashine ya kuchapia ikipiga kelele, Musiyo Placide akainyakua kabla sijaisoma, nami nikaenda zangu nyumbani kuwasha moto.

Nilikuwa nakoroga bugali. Redio ya Mama Zaina ilikuwa wazi kama kila jioni, na yeye alikuwa anapepeta unga wa mikate ya kesho. Musiyo Placide, kwa ile sauti yake ya taratibu, akazijulisha familia zote za teritwari ya Kabambare kifo cha Kalunga Feza, kilichotokea hospitalini Kasongo. Nilishika mwiko nikangoja. Nilidhani kuna maneno yatakayofuata, kwamba si yule, ni mwingine. Akapita kwenye kifo kingine. Mama Zaina hakugeuka hata kidogo, aliendelea kupepeta, kwa sababu yeye naye alinijua kwa jina la mpangaji. Nilisikia habari ya kufa kwangu nikiwa na watu, na hakuna aliyeshtuka. Nimeishi miaka mingi baada ya jioni ile na sijawahi kujisikia peke yangu namna hiyo tena, hata nilipofiwa.

Baadaye kidogo, vifo vilipokwisha, ikasomwa salamu yangu: Kalunga Feza wa Kasongo anamsalimia mama yake Wamaza, yeye ni mzima, anauliza kama mihogo imekomaa. Niliacha sufuria motoni nikakimbia hadi redioni. Nilipofika jenereta ilikuwa imezimwa na Musiyo Placide anafunga mlango. Nikamuuliza amesoma nini. Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Daktilo," akasema, "kumbe weye ndiye Feza? Miye nilizani mwenye kufa na mwenye salamu ni majina."

Majina, kwetu, ni watu wawili walioitwa jina moja, na wako wengi. Mtoto huitwa kwa mtu mwingine, na hakuna anayeona ajabu mmoja akifa na mwenzake akisalimia. Sikuweza hata kumkasirikia.

Asubuhi Asumani alikaa mbele ya mashine, nami nikasimama nyuma yake. Hakuchukua muda mrefu. Akachukua chaki, akachora sakafuni visanduku vya jina la yule marehemu, kisha kwenye kona mbili tofauti akaandika namba mbili, na namba zile zilikuwa sawasawa. Marudio yake yalikuwa yamenakili maneno mengine yote, lakini si jina. Kwa jina, yalikuwa yamenakili anwani tu. Tangazo la zamani na la marudio yalikuwa yanatazama visanduku vya jina vilevile, na mimi nilipoandika jina langu katika nafasi iliyoonekana kuwa wazi, niliandika juu ya jina la mfu. Yeye ndiye aliyeyasema hayo, polepole, kama mtu anayesoma hukumu yake. Alisema ilitakiwa kuihesabu kila herufi, kuongeza kisanduku kimoja cha sifuri, kuomba mahali papya katika mashine, na kuzihamisha herufi moja moja mpaka ile sifuri. Kuna amri inayofanya yote hayo kwa pamoja, strdup, na alikuwa anaijua. "Nilijua," akarudia. "Nilifanya haraka." Ndugu waliomuuguza yule marehemu hospitalini walikuwa wameshafika nje, wakiuliza kwa nini mtu wao ameachwa.

Mkurugenzi alisema jambo ni dogo, jioni tutasoma masahihisho kabla ya vifo vyote. Nilikubali. Nilirudi nyumbani kumweleza Mama Zaina kwa nini sufuria yake iliungua, na alipoelewa kwamba aliyetangazwa ni mimi, alikaa chini. Kisha akauliza neno ambalo sisi wote wa redio, watu wa vyeti na mashine, hatukulifikiria.

"Kwenye matanga redio inazimwa. Hayo masahihisho yenu, nani atayasikia?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Niliona uwanja wa nyumbani, mikeka, baba mdogo akiongoza mambo kwa fimbo yake, na ile redio ndogo imezimwa na kufungiwa. Hata tungerudia mara ngapi kusema kwamba niko hai, wasingesikia, maana walikuwa wananililia kwa heshima. Na mama alikuwa na moyo uliokwisha kuchoka. Asumani alikwenda sokoni mwenyewe na kumpata mfanyabiashara anayepeleka sabuni kwa pikipiki, akamsihi anibebe juu ya makartoni. Jioni masahihisho yalisomwa, yakisema pia kwamba kesho asubuhi nitatoka kwenda nyumbani; asubuhi hiyo Asumani aliponiaga hakuniangalia usoni.

Njia ya Wamaza siielezi. Aliyeipita anaijua na ambaye hajaipita hataamini. Madaraja mawili yalikuwa magogo matupu. Tulilala kijiji cha njiani, pikipiki ikaharibika asubuhi, na sehemu ya mwisho nikaenda kwa miguu. Njia nzima nilifikiri jambo moja, nalo lilikuwa la aibu kidogo: kwamba nitajua sasa nani analia na nani halii. Nilikuwa na umri wa kuwaza hivyo.

Jua lilikuwa bado halijashuka nilipoingia uwanjani. Watu walikuwepo wengi kuliko nilivyotazamia. Mwanamke mmoja alianza kulia upya, mwingine akamshika mdomo, na baba mdogo akasimama akakaa tena. Hakuna aliyenikaribia. Nikamtafuta mama kati ya wanawake waliokaa mkekani, mahali pa mama wa marehemu, na hapakuwa na mtu pale. Dada mmoja wa jirani alinyoosha mkono kuelekea jikoni, na katika uso wake niliona kwamba wote walikuwa wamemkasirikia.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya moto. Redio ilikuwa imewashwa, kidogo sana, waya wake ukiwa kwenye nyasi za paa. Alinitazama toka miguuni mpaka kichwani.

"Umekawia," akasema. "Walisema utatoka jana asubuhi."

Nilikaa chini kwenye majivu. Alinieleza huku akipakua, bila kunitazama, kama mtu anayeogopa kumwaga. Habari ya kifo iliposomwa, majirani waliingia wakilia na baba mdogo akanyoosha mkono kuizima redio. Mama aliikumbatia. Walidhani ni uchungu wa mara ya kwanza, wakamwacha nayo jikoni. Yeye alisikiliza vifo vyote mpaka mwisho, halafu akasikiliza salamu, na katika salamu akanisikia. Alitoka akawaambia wanyamaze, mtoto yuko hai. Walimwambia ile salamu iliandikwa kabla sijafa. Alikataa. Kesho yake wakamkatalia tena alipowaambia amesikia masahihisho. Walisema akili imemtoka, na kwamba mwanamke anayewasha redio kwenye matanga ya mtoto wake hata mfu atamshangaa. Basi wao walilia uwanjani na yeye akakaa jikoni peke yake.

"Ule mutu alisoma jina yako sawa vile hakujui," akasema. "Miye najua vile salamu zako ziko. Mutu anayeuliza mihogo hajakufa."

Kisha akaanza kuzisema. Sikumuomba. Nimepata chumba. Mvua zimeanza. Nimekula samaki wa Nyangwe. Alizisema zote, kwa mpangilio wake, neno kwa neno, hata maneno ya Kifaransa niliyoyaweka kwa kujionyesha na ambayo hakuyaelewa, aliyatamka vilevile kama Musiyo Placide. Nyuma ya jiko, kwenye kamba, nilisikia mbuzi analia, nikageuka, na alikuwa yule mweusi.

Nikamwambia kwamba mwaka mzima nilidhani hasikii, kwa sababu hakuna jibu lililokuja.

"Nilikuwa nakujibu," akasema mama. "Kila mara. Hapa hapa, mbele ya moto." Akasogeza sahani katikati yetu, akanawa mkono, akanishikia bakuli ninawe wangu.

Nilirudi Kasongo baada ya mavuno ya mihogo. Asumani alikuwa ameiandika programu upya, na alinionyesha mstari ule wa strdup kama mtu anayeonyesha kaburi alilolipalilia. Tangu siku hiyo yeye na Musiyo Placide waliniita Feza. Mama ameshatangulia, siku zangu nyingi nazimalizia Kindu nikifundisha vijana C, na kila mwaka somo la kunakili maneno likifika nawachorea visanduku kwa chaki ubaoni, ingawa kila mmoja ana kompyuta yake mapajani. Hawaniulizi kwa nini nachora sifuri kubwa namna ile.

Jioni ya matanga ya Asumani, wanawake walipokwenda kugawa chai, niliingia jikoni kwao. Nilikaa kwenye kigoda, nikachomeka waya masikioni, nikafungua redio ya simu yangu. Vifo vilianza. Kijana asiyemjua alisoma jina la Asumani vizuri, bila kosa hata moja, kwa sauti ya taratibu, na akapita kwenye kifo kingine. Sikuzima. Binti yake aliingia akaniona na waya masikioni, akasita mlangoni, na mimi nikamnyooshea kidole kwamba angoje kidogo. Vifo vilikwisha, zikaja salamu. Mtu wa Nyangwe aliwasalimia wajukuu zake. Mtu mwingine aliuliza habari ya baiskeli. Nilizisikiliza zote mpaka ya mwisho, na Asumani hakumsalimia mtu.